Picha za Malin

Ingegerd hakutaka kufa akiwaachia watu takataka zake. Kama wazee wengi wa mji wao wa Härnösand, alianza kuisafisha nyumba mapema, kifo kikiwa bado hakijabisha hodi. Vikombe akagawa, makoti akapeleka kanisani. Albamu zote za picha akazipiga kwa simu, akazihifadhi mtandaoni, kisha albamu zenyewe akazitia kwenye jiko la kuni.

"Hata za Malin?" Holger, mumewe, alishtuka. Malin alikuwa binti yao wa pekee; ziwa lilimchukua angali mdogo.

"Za Malin nimeanza nazo, mzee wangu. Karatasi huoza. Huko hazizeeki."

"Na nenosiri umeliweka wapi?"

Ingegerd akajigonga kipaji cha uso. "Benki yangu hii hapa. Haina mwizi."

Binadamu hupanga, Mungu hupangua. Kiharusi kilimwachia macho na mkono wa kushoto, kikachukua maneno yote.

Holger akaipigia simu kampuni iliyohifadhi picha.

"Mwenye akaunti amefariki?" aliuliza mwanamke wa upande wa pili.

"Afariki vipi? Yuko hospitalini, anakula uji!"

"Basi ni yeye tu anayeweza kutuomba."

"Hawezi kusema, mama!"

"Pole sana, baba. Angekuwa amefariki, tungekuwa na utaratibu."

Holger akatukana, yeye ambaye hakuwahi kuitukana hata theluji. Hasira yake ilikuwa woga mtupu. Uso wa Malin ulikuwa ukimtoka kichwani kidogo kidogo, na hakuthubutu kumwambia mtu.

Akaipeleka simu wodini. "Jaribu wewe, bibi. Mimi nimebahatisha nenosiri nikashindwa. Imebaki mara moja tu, kisha inafunga kabisa."

Ingegerd alibonyeza kwa kidole cha kushoto, taratibu, midomo ikimchezacheza. Simu ikatetemeka. Holger akaivuta haraka, akasoma: akaunti imefungwa. Ingegerd akamwinulia nyusi: vipi?

"Umefungua," Holger akasema. Akaigeuza skrini upande wake mwenyewe. "Huyu hapa. Yuko juu ya baiskeli, magoti yote vidonda. Anacheka, pengo hilo! Amevaa lile gauni ulilomshonea."

Ingegerd akafumba macho, akatabasamu, machozi yakimtiririka. Kisha akashika pindo la gauni lake la hospitali, akalitikisa. Holger alimwelewa, alimwelewa siku zote. Alikuwa anauliza gauni la Malin lilikuwa la rangi gani.

Holger akaitazama skrini nyeusi. Hakukumbuka.

"La bluu," akasema.

Ingegerd akafumbua macho, akamtazama kwa muda mrefu. Akatikisa kichwa kukataa, kisha akamshika mkono.