Nilikataa Kulala Paa Moja na Mke wa Mwanangu

Admini, ficha jina langu, ila Nkende usiifiche, watu wajue Tarime bado ina wanaume. Nina miaka hamsini na sita. Shule niliishia darasa la tano, ng'ombe wa baba walikuwa wananielewa kuliko mwalimu. Mtoto wangu wa kiume ni mmoja, anatembeza watalii, na tangu ana miaka saba amelelewa shule za bweni. Hilo mlishike.

Mwezi uliopita alinichukua mimi na mke wake, binti wa Kichaga mwenye adabu zake, ana mimba ya miezi sita, akatupeleka kupumzika kwenye hoteli moja wilaya ya Serengeti. Ni nyumba ya mawe ya zamani ya mkoloni, wameikarabati, vyumba vitano tu. Mawe yale babu yangu aliyabeba kichwani. Lile la juu ya mlango alilibeba peke yake, simba akamfuata kutoka Machochwe, alipouona ule mzigo akageuka mwenyewe. Mnaocheka, jiwe lipo, nendeni mkalinyanyue.

Dada wa mapokezi akanipa ufunguo. "Baba, chumba chako hiki, kijana wako na mkewe hicho kinachofuata." Ukuta mmoja, paa moja, ukikohoa huku unapewa pole kule. Nikaurudisha ufunguo mezani nikasema, kwa sauti yangu ya machungani, "Mimi siwezi kulala nyumba moja na huyu."

Kwetu Wakurya, baba mkwe hasogelei anapolala mke wa mwanawe. Hiyo ni heshima, tena kubwa. Yule dada wa mapokezi ni wa huku huku, alinielewa palepale, akaniita baba kwa Kikurya: "Tata, nyuma kuna banda la gari la zamani, tutakutandikia." Lakini mke wa mwanangu alishusha begi chini. "Kwani mimi nina ukoma, baba?" Akalia mbele ya wageni.

Mwanangu akanivuta pembeni. "Mzee, umemdhalilisha mke wangu."

"Mweleze basi mila."

"Nimweleze nini, wakati hata mimi hujawahi kunieleza?"

Nililala bandani, na niseme ukweli, wazungu wenyewe hawakulala vizuri kama mimi. Ila tangu turudi, binti amesema hakanyagi Nkende, na mjukuu sitamwona, mpaka nikae naye nimweleze kwa mdomo wangu kwa nini nilimkataa. Mke wangu alimpigia kumfafanulia. Akajibu, "Mama, aliyenikataa ni baba."

Hapo ndipo nimenaswa. Mimi kumtamkia yule binti habari za kulala na vitanda ndiyo kuuvunja mwiko wenyewe. Na radhi siombi. Nimefukuza wezi wa ng'ombe kwa fimbo moja mpaka mpakani Sirari, leo nipige magoti kwa kosa la kumheshimu mtu? Haiwezekani. Lakini mjukuu namtaka, jamani. Namtaka sana.

Nyie mliosoma, niambieni, mtu anaelezaje mwiko bila kuuvunja?

Na kuna mtu najua anafuata ukurasa huu kila siku. Hapa sijaongea naye. Nimeongea na admini.