Kibodi Iliyonuka Dagaa

Mchana huu nilichambua dagaa, nikanawa haraka haraka, kisha nikafungua kompyuta kujaribu mchezo wa zamani wa kuwapiga mazimwi risasi. Vidole vilipogusa vitufe, ile harufu ikanirudisha chumbani kwa mjomba, kule kijijini Katonga, kando ya ziwa.

Mjomba alikuwa karani bandarini, na kompyuta yake haikuwa ya watoto. Akishaenda kazini, mimi na dada tuliwaacha dagaa juani tukaingia. Kwenye skrini ilionekana bunduki tu, kana kwamba umeishika wewe. Mimi nilitembea na kupiga. Dada, ambaye aliogopa kuliko mimi, alishika kitufe kimoja, cha kufungua milango.

"Nifungue?"

"Ngoja. Haya, sasa fungua."

Jioni mjomba aliinamia kibodi, akanusa.

"Mmecheza tena."

"Hapana, mjomba," dada akajibu. "Na mikono tulinawa."

Kesho yake tulikuta kufuli mlangoni.

Mchezo wenyewe bado unachezeka. Kuta zina mabakabaka, na mazimwi ni bapa kama wamekatwa kwenye boksi. Ila mbio zake ni nyepesi, na mngurumo wa nyuma ya ukuta bado unanikaza shingo. Michezo ya siku hizi inaeleza mno. Huu unakupa ukumbi na mlango, basi.

Nilifika mlango wa kwanza, nikasimama. Upande wa pili kitu kilinguruma.

"Sasa fungua," nikasema. Nikangoja kidogo, kisha nikabonyeza mwenyewe.