Mawe Mawili Chini ya Gurudumu

Mzee niliyekuwa nikimwendesha Riyadh alikuwa mhandisi kutoka kijiji kidogo cha Wales: barabara moja, kanisa moja, kondoo wengi kuliko watu. Juu ya kijiji, vilimani, kuna mawe marefu yaliyosimamishwa na watu wa kale. Kila asubuhi tukitoka mtaa wa Malaz alinisimulia habari za kijiji hicho, hadi nikahisi nimewahi kuchunga huko. Mimi ambaye sijatulia popote nilimwonea wivu.

Safari yetu ya mwisho ilikuwa kumpeleka Jeddah, apande ndege arudi kwao kabisa. Njiani aliomba tuchepuke tukaone duara la mawe ya kale lililo kwenye vilima vya huku. Alilipiga picha, kisha akapanda juu kutafuta mengine. Mimi nikagundua gurudumu la nyuma limeisha upepo, na gari liko kwenye mteremko. Nikafanya kama dereva yeyote wa Kenya: nikachukua mawe mawili ya karibu, nikayakaza chini ya magurudumu ya mbele, nikapiga jeki.

Aliporudi alilitazama duara, kisha akayatazama magurudumu.

"Hayo umeyatoa wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Yamekaa pale maelfu ya miaka, wewe unayafanya kabari!"

Miaka miwili tumekula na kucheka pamoja, halafu tuagane kwa hasira, tena kwa ajili ya pancha?

"Nisamehe, mzee. Niliona ni mawe tu."

Nilipomaliza kufunga gurudumu, alifungua ile picha kwenye simu yake, tukaanza kuyarudisha.

"Sogeza. Sio hivyo, lile refu kushoto. Yalla, haya twende, mbomoaji, polepole!"

Jiwe la pili lilipoingia kwenye kishimo chake, aliketi mchangani akacheka hadi akakohoa.

"Unajua lango la zizi la babu yangu kule kijijini limeshikiliwa na nini?"

"Na nini?"

"Mawe mawili ya vilimani. Aliyakokota kwa farasi. Mama alitukataza kumwambia mtu yeyote."

"Kwani naye alipata pancha?"

Alinipiga begani kwa kofia yake.

"Yeye hakurudisha hata moja," alisema, akaninyooshea mkono nimwinue.