Sahani ya Bi Zena na Maandazi ya Wavu

Sisi tuliokulia Visiga wakati maduka yakihesabika na kando ya barabara ya Morogoro bado kuna mikorosho, hatukujua kitu kinachoitwa wafo, ile mikate bapa ya vyumba vyumba inayobanwa kwenye mashine. Tulijua andazi la moto na tulijua andazi la jana. La jana lilikuwa na heshima yake. Watoto wa siku hizi, wanaosoma tarehe ya mwisho ya matumizi mpaka kwenye chupa ya maji, wangelitazama wakadhani tunatafuna jiwe. Sisi tuliamka mapema kwa ajili yake.

Asubuhi zetu zilikuwa na harufu. Moshi wa mkaa uliochanganyika na majani ya mchaichai kwenye chai, na sabuni ya mche kwenye shati la shule ambalo halijakauka vizuri shingoni. Ukitoka nje umande unakuloweka miguu, na upande wa pili wa uzio wa minyaa unamsikia jirani anafagia uwanja huku anamgombeza mtu ambaye bado amelala. Shule ilikuwa mbali na tulikwenda tunacheza. Jioni ilikuwa rede mpaka giza liingie, mpira wetu soksi kuukuu iliyojazwa matambara, na ukigongwa nao mgongoni ukiwa umelowa utamkumbuka aliyekurushia. Mama akiita mara moja unaitika. Akiita mara ya pili unakimbia, kwa sababu ya tatu hakuiti, anakuja.

Mama yangu alikuwa mgeni pale. Baba alipata kazi kwenye mitambo ya maji kule Ruvu, akatutoa Upareni, milimani kwenye baridi na migomba, akatuleta Pwani kwenye joto na minazi. Baba alikuwa na wenzake wa zamu. Kaka yangu Elia na mimi tulikuwa na rede. Mama hakuwa na mtu. Alisalimiwa vizuri, maana watu wa Pwani hawakunyimi salamu, lakini salamu ikiisha kila mmoja anaingia kwake. Mchana alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba akizungumza na kuku. Nilimsikia siku moja akimwambia jogoo habari za dada zake wa Upareni, tena kwa Kipare. Nilikuwa mdogo, lakini hilo niliona si sawa. Mtu mzima anahitaji mtu mzima mwenzake wa kumwambia mambo.

Idi ya kwanza ilitukuta hatujui lolote. Wakati ule Idi haikuwa ya Waislamu peke yao. Mtaa mzima ulivaa. Na sisi Wakristo tulizunguka nyumba hadi nyumba kuomba mkono wa Idi, tukipewa peremende au kipande cha keki. Sahani zikaanza kuingia nyumbani kwetu, zimefunikwa kawa au kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Pilau, halafu maandazi, kaimati, visheti, vitumbua. Mama alizipokea zote kwa mikono miwili. Kesho yake akaziosha kwa majivu na mchanga mpaka zikang'aa, akatutuma kuzirudisha pamoja na shukrani nyingi. Kwao, ukirudisha chombo cha mtu kikiwa kisafi kuliko alivyokupa, umemheshimu.

Kwa watu wa Pwani, sahani ya jirani hairudi tupu. Weka hata ndimu, weka hata kiberiti, lakini weka kitu. Nilikuja kulijua hilo kwenye rede, kutoka kwa Mwanahawa, binti wa Bi Zena wa nyumba ya pili. Tuligombania mpira, akaniambia mbele ya wenzetu, "Mama anasema nyie Wapare ubahili wenu mpaka kwenye sahani. Inatoka kwetu imeshiba, inarudi ina njaa." Wote wakacheka. Nikaenda nyumbani nalia, nikamwambia mama neno kwa neno, kama watoto wanavyofanya bila kujua wanabeba nini.

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua kidogo, kisha akaweka ungo chini. "Kumbe ndiyo sababu," alisema.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba lilikuwa neno la Bi Zena. Alikuwa mwanamke mnene wa Kizaramo, kwao Msimbu, Kisarawe, ameolewa Visiga siku nyingi. Kinywa chake ndicho kilichokuwa redio ya mtaa. Akikukubali, wote wamekukubali. Akikucheka, utahama.

Idi ya kuchinja ilipokaribia, mama alijiandaa. Alitengeneza kashata za karanga, sinia zima, na kila sahani iliyoingia ilitoka na kashata zake siku ileile. Nilizipeleka nikiwa nimeinua kichwa. Ya Bi Zena haikuja asubuhi wala mchana. Ilikuja magharibi, kubwa kuliko zote, imejaa maandazi yenye iliki mpaka unaisikia ukiwa mlangoni. Na kashata zilikuwa zimekwisha. Maduka yamefungwa, mwenye duka naye yuko kwenye Idi yake. Sahani ikalala kwetu, na mama nadhani hakulala.

Asubuhi kulikuwa na mlima wa vitu vya jana mezani, vyote vimekakamaa. Mama akafanya alichozoea kutufanyia sisi kwa kifungua kinywa. Alipasua maandazi katikati, akayaloweka kwenye maziwa na mayai ya kuku wake, akakwaruza humo ganda la chungwa, akavunjavunja na visheti juu. Akapaka mafuta kikaango, akakiweka kwenye jiko la mkaa, akapanga maandazi, halafu akayafunika kwa ule wavu wa kuchomea samaki, uliosuguliwa mpaka ukawa mweupe. Juu ya wavu aliweka kifuniko cha bati, na juu ya kifuniko pasi ya mkaa ikiwa inawaka, ileile ya kunyooshea sare zetu. Pasi inabana na kuchoma kwa juu, jiko linachoma kwa chini. Unasikia *chwaa*, na harufu ya chungwa inajaa uwanja. Ukifunua, andazi limekuwa bapa, limeiva rangi ya asali, lina vyumba vyumba kama karatasi ya daftari la hesabu. Pembeni linakatika kwa mlio, katikati laini. Sisi tuliyaita maandazi ya wavu, na tuligombania yale ya katikati ya kikaango kwa sababu ndiyo yaliyobanwa zaidi.

Siku hiyo hatukupewa ya katikati. Mama aliyapanga kwenye sahani ya Bi Zena.

"Mama, si ndiyo yale yake mwenyewe?" Elia akauliza.

"Yalikuwa yake jana," mama akajibu, akafunika kawa, akanikabidhi.

Nilimkuta Bi Zena kibarazani na wageni wake kutoka Msimbu, wote kina mama, wamekaa mkekani. Nikawaamkia wote, nikasema mama anashukuru sana. Akafunua kawa. Akatazama. Akachukua kipande, akatafuna polepole huku amenikazia macho mimi, utafikiri mimi ndiye niliyepika. Kisha akasema, "Mwambie mama yako nakuja."

Nilikimbia. Mama aliposikia akabadilisha khanga, akashika ufagio na kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Bi Zena alipiga hodi moja tu, na kabla hajakaribishwa alikuwa ameingia.

"Mama Elia. Hii iliki si yangu hii?"

"Ni yako, dada," mama akasema. Ufagio ulikuwa bado mkononi. "Na maandazi ni yako. Jana kashata ziliniishia, maduka yamefungwa. Nikasema afadhali nikurudishie cha kwako kuliko sahani yako irudi tena tupu."

Bi Zena akashika kiuno. "Nani kakwambia habari ya sahani tupu?"

Mama hakunitazama. "Watoto wanacheza, wanasema."

"Mdomo wangu huu," Bi Zena akasema, akavuta kigoda cha mama na kukikalia. "Utakuja kunizika. Basi ndugu yangu, weka chini ufagio huo ukae. Wale wageni wameyamaliza, wamenibakishia kipande cha kunusa. Nimekuja unielekeze. Ila na mimi nikwambie ukweli, ungetia tui pale."

Mama akacheka. Tangu tuhamie Visiga nilikuwa sijamsikia akicheka vile, na mkono mdomoni. Wakakaa nyuma ya nyumba mpaka adhuhuri, na jogoo hakupata mtu wa kuzungumza naye.

Kesho yake Bi Zena alikuja na mbuzi ya kukunia nazi kwapani, na tangu hapo maandazi ya wavu hayakuwa ya mama peke yake. Maziwa yakaliachia tui zito nafasi. Ikaingia ndizi kisukari iliyopondwa, ikaingia korosho iliyochomwa na kutwangwa kutoka shamba la kwao Msimbu, mara mdalasini, mara asali ya porini. Kila baada ya shughuli, iwe Idi, Krismasi, ngoma au kipaimara, vilivyobaki vilikusanywa na wale wanawake wawili wakajaribu ladha mpya, sisi ndio waonjaji. Mwanahawa na mimi tulipatana kwa lazima, maana tulikuwa tunatumwa pamoja. Likizo nilipelekwa Msimbu nikala muhogo wa kuchoma, na bibi yake Mwanahawa aliniita mjukuu bila kuuliza mimi wa wapi. Na Bi Zena alipofariki na kuzikwa hukohuko Kisarawe, mama alikaa mkekani pamoja na dada za marehemu, na watu walioingia walimpa pole kama mfiwa. Hakuna aliyeona ajabu.

Sasa nina nyumba yangu Kibaha mjini. Ina ukuta mrefu na geti la chuma, na nakiri kwamba siku lilipofungwa nililitazama kwa majivuno. Binti yangu Nuru amenunua mashine ya wafo ya umeme. Jumapili iliyopita tulibakiwa na maandazi, skonzi na donati za kikao cha harusi ya mpwa wangu. Nikasikia anachekelea jikoni kwamba amegundua kitu kwenye simu, ukibana donati ya jana kwenye mashine inakuwa wafo yenye ladha yake tayari. Amegundua. Nilitaka kumwambia kwamba bibi yake aligundua kabla mashine hiyo haijazaliwa, tena kwa pasi. Lakini nilipoonja nikaacha, kwa kuwa alikuwa ameweka ganda la chungwa na mimi sikumfundisha. Zilikuwa tamu kweli. Mashine yake inalia yenyewe ikiwa tayari, na yeye akapiga picha kabla ya kula, kisha akapiga nyingine, mpaka chai ikapoa. Akaziweka mtandaoni, na watu wengi wasiomjua wakampongeza.

Zilikuwa nyingi, na nyumbani tuko wawili tu. Nuru akatoa sahani kabatini, akapanga wafo, akafunika na kitambaa safi. Sikumwagiza.

"Mama, nimpelekee jirani?"

"Mpelekee," nikasema.

"Nikifika niseme natafuta nani?"

Nikafungua kinywa nimtume. Enzi zetu kumtuma mtoto kulianza na jina: nenda kwa Bi Zena, nenda kwa Mama Elia, msalimie, mwambie hivi na hivi. Gari la yule dada jirani nalijua kwa mlio. Najua saa anayotoka kwenda Dar na saa anayorudi, na harufu ya vitunguu vyake jioni huvuka ukuta hadi sebuleni kwangu. Mwanangu alikuwa mlangoni amebeba sahani kwa mikono miwili, ananisubiri, na mimi nilikuwa natafuta jina ambalo sijawahi kuliuliza.