Taa Kwenye Mkia wa Mshale

Mama alikuwa hali nyama isiyochinjwa, iwe vita iwe amani. Wenye bunduki waliposhuka Chovai, kisiwa chetu Wabajuni, wakachukua nyavu na mashua, tukabaki na unga mtupu, majirani walimwambia dhiki ina ruhusa yake. Akawajibu, "Ruhusa hiyo ileni nyie. Mchu hali mzoga." Mchu kwetu ndiye mtu.

Kaka yangu alikuwa na upinde, alifunzwa na Waboni, wawindaji wa bara. Kulenga hakukumshinda. Lakini paa akipigwa hukimbia na mshale mwilini, giza likaingia, na ukija kumpata ameshakufa. Wako waliosema bismillahi ya kuachia mshale yatosha. Huenda walisema kweli; mimi nimesoma chuo cha Kurani na madarasa machache tu. Mama hakukubali.

Bahari ilikuwa ikitutupia vijiti vya plastiki vya meli za kigeni, wanavyofunga karibu na ndoana kuvutia samaki. Ukikunja kijiti kinatoa mwanga wa kijani. Vingi vilikuwa vimekwisha. Kaka alitafuta vizima, akafunga kimoja mkiani mwa mshale kwa uzi wa mshipi. Mshale ukayumba. Akaongeza unyoya, akaamua kupiga kwa karibu.

Tukavuka bara kwa mtumbwi tuliokuwa tumewaficha wenye bunduki kwenye mikoko. Baada ya magharibi akampiga paa, nasi tukaufuata ule ukijani vichakani hadi ukatulia. Paa alikuwa amelala, anahema. Kaka ameshika kisu, wakatokea wanaume wawili wenye bunduki. Nao walikuwa wameuona mwanga.

"Adeer, zima hiyo!" mmoja akamwambia. Ndivyo Msomali anavyomwita mkubwa wake, kama kusema ami. "Wenzetu wa ng'ambo ya bonde watatudhania adui, watatupiga sote."

Niseme haki: hapo hakukosea. Hata mimi nilinyoosha mkono niufunike.

"Toa mkono!" kaka akanifokea. Kisha akamgeukia yule. "Nikikata bila kuona koo, nimeua tu. Nyavu mmechukua, mashua mmechukua. Na kibla mwakitaka?"

"Mzee, nina bunduki."

"Naiona. Na paa anakufa. Mshike miguu, au nipishe."

Akamshika. Sijui ni njaa au ni dini, siwezi kumsemea. Mwenzake alicheka, akasema hajapata kuona mateka anayetoa amri. Kaka akamwelekeza paa kibla, akachinja, mwanga ukiwaka vilevile. Wakachukua mapaja yote mawili. Wangeweza kuchukua paa mzima, na hilo pia niliandike.

Nyumbani mama hakuuliza kuhusu bunduki mpaka nilipomweleza mwenyewe.

"Sikuuliza hayo. Alikuwa hai?"

"Alipiga teke, mama. Yule askari nusura aanguke."

Akavuta sahani, akasema bismillahi. Alikula bega lote, mifupa akaivunja kwa meno, mlango ukiwa wazi upande wa njia waliyopita wenye bunduki. Nilipoinuka kuufunga akanikataza.

"Na waone," akasema. "Bajuni yuala chake."