Utando wa Kahawia Katika Sanduku la Kioo

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo mate hunikauka kinywani. Nilikuwa bibi harusi, hina ya miguuni haijafifia, nimepiga magoti mbele ya sanduku la kioo lililojaa maji ya bahari, na juu ya mfuniko wake nikaona uzi. Uzi mweusi wa kushonea, umelazwa kutoka pembe hii mpaka pembe ile, ncha zimegandishwa kwa nta. Aliyeutega alitaka kujua ni nani anayefunua. Na chumbani mle tulikuwa tukilala watu wawili tu, mimi na mume wangu.

Lakini nimeanzia katikati. Ngoja nirudi nyuma, usije ukanidhania nakuficha kitu.

Mimi ni wa Chundwa, kisiwani Pate. Baba yangu alikuwa mvuvi wa uzio, wale wanaosimamisha fito za mikoko baharini zikazunguka. Maji yakijaa samaki huingia, maji yakitoka wao hubaki wamenaswa. Athumani aliyeniposa alikuwa seremala wa mtaa wa Mkomani, Amu, yaani Lamu mjini. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Sasa, desturi ya wenye nyumba za mawe ni mume kuhamia kwa mke: binti hupewa nyumba, mume huja na furushi lake la nguo. Mimi nyumba ya mawe ningeitoa wapi? Kwetu ni makuti. Kwa hivyo nikapelekwa mimi kwao, chini ya mama yake, Bi Rukia, na tangu siku ile nikawa mtu wa kupimwa kila ninapokanyaga. Maana wazee wetu husema bibi harusi ana mguu. Ukiwa mguu wa heri, nyumba hujaa. Ukiwa wa kisirani, basi hata kikombe kikivunjika jikoni watu huinama wakautazama mguu wako.

Athumani alipata kufanya kazi Mombasa kwa tajiri mmoja, akaona huko samaki wa mwambani wakifugwa sebuleni ndani ya kioo. Akaapa mkewe naye atakuwa na kitu kama kile. Akachonga fremu ya mvule, akatia vioo, akaziba viungo kwa lami. Chini akamwaga mchanga mweupe wa vilima vya Shela, akapanga matumbawe yaliyo hai, akatia samaki wawili, vitatange wenye milia ya manjano. Umeme hatukuwa nao. Kwenye boriti akatundika mtungi wenye kitundu, maji yakidondoka kutwa kucha ili samaki wapate pumzi, na kila asubuhi rafiki yake wa Kipungani akileta debe la maji safi ya bahari. Wanawake waliokuja kunitazama wakati wa fungate walinipa mimi jicho moja, samaki wakawapa macho mawili. Sikukasirika. Kile kioo kilikuwa changu.

Fungate haijapoa vizuri, mchanga ukaanza kubadilika. Kwanza kama vumbi la iliki. Kisha ukatanda utando wa rangi ya kahawa, ukapanda kwenye kioo, ukafunika matumbawe, ukiugusa unateleza kama kamasi. Bi Rukia akaja, akashika kiuno, akatazama kwa muda mrefu.

"Mayi haya yana mato ya mtu," akasema kwa Kiamu chake. Maji haya yana macho ya mtu.

Akaagiza kila kitu kitolewe. Athumani akasugua kioo kwa kumbi la nazi, akamwaga maji, akaleta mchanga mpya wa Shela, mweupe pepepe. Tukafukiza udi chumbani. Tukapumua. Haukupita muda, utando ukarudi, na safari hii ukaja kwa kasi. Wakasugua tena, wakamwaga tena, wakaleta mchanga mwingine. Kitatange mmoja akafa. Bi Rukia akamtoa kwa kijiko, akamweka sahanini, akampitisha mbele yangu bila neno. Ningetukanwa ingekuwa afadhali.

Tena akawa akisema peke yake, ila kwa sauti ya kunifikia: "Kabla ya siku hizi nyumba hii haikuwa na uchafu." Nami moyoni najibu, kabla ya siku hizi nyumba hii haikuwa na sanduku! Lakini bibi harusi hajibu. Bibi harusi huinama. Msema pweke hakosi, mwanangu, na mama mkwe anayesema mbele ya mkaza mwana asiye na ruhusa ya kujibu, huyo ndiye msema pweke hasa.

Sasa usinionee huruma upesi. Mimi pia sikukaa bure. Nilimshuku wifi yangu Zena, aliyekuwa akipenda kuja na kikombe chake cha kahawa kusimama pale penye sanduku. Kahawa na utando, rangi moja! Nikamwona ndiye mkosaji kamili. Akinisalimia, naisikia salamu ina mwiba. Akinicheka, nahesabu meno. Nikachukua unga wa liwa, ule wa kujipaka usoni, nikaunyunyiza kizingitini kabla ya kwenda kuoga, nikarudi kuangalia nyayo. Nyayo nilizikuta, lakini hazikuwa za Zena. Zilikuwa za mguu mdogo wenye kidole kilichopinda. Za Bi Rukia.

Siku ya pili nikajificha nyuma ya pazia, mchana kweupe. Akaingia, akatoa kitambaa kifuani, ndani yake mchanga. Akafunua mfuniko, akaumwaga taratibu juu ya ule utando, midomo inatembea. Lo! Nikasema ndiye huyu, leo nimemnasa, ananiroga mchana! Kumbe maskini alikuwa akiusomea ule mchanga dua, autakase ulipochafuka, apate kumwokoa mwanawe na mguu wangu. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Siku ile nilijua kwamba nyumba nzima ina adui mmoja, na adui yule anaitwa Mama.

Ndipo kesho yake nikaukuta ule uzi niliokuambia. Athumani alikuwa amegundua kuwa mfuniko unafunuliwa yeye akiwa kazini. Hakumuuliza mama yake. Hakuniuliza mimi. Alitega.

Nikamwita somo wangu, Bi Khadija. Somo ni yule mama anayempokea bibi harusi, akamfunda, akamwogesha, akawa mlinzi wake katika nyumba ya watu. Nikalia mpaka kanga ikalowa, nikamweleza niliyoyaona nyuma ya pazia. Nikamwambia, "Somo, nataka dawa ya kumfichua adui. Nisipomfichua nitarudishwa kwetu. Nimemsikia Bi Rukia akimwambia mwanawe: chombo cha Chundwa kikija, utando ukiwa ungalipo, mwari huyu apande."

Bi Khadija alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, lakini cheko lake lilikuwa na ukali ndani. Akasogea kwenye sanduku, akatia kidole, akaunusa ule utando, akanigeukia.

"Baba yako ana kazi gani?"

"Mvuvi wa uzio, Somo."

"Fito mpya akizisimamisha baharini, huota nini kwanza?"

Nilikuwa nimezisugua fito hizo kwa mikono yangu tangu utotoni. "Utelezi wa kahawia," nikasema. "Kisha kijani. Kisha ndiyo chaza na kome hushika."

"Na mwaka huo baba yako alimshtaki nani? Alimfukuza nani nyumbani?" Akanipiga kofi la paja, la mapenzi lakini liliuma. "We mtoto! Bahari umezaliwa nayo, leo imetiwa ndani ya kioo huijui tena? Hii ni bahari changa. Kila kilicho kipya majini huchafuka kwanza. Na nyie kila ikitaka kukua mnaisugua, mnairudisha utotoni, na kuimwagia mchanga mgeni. Mnailisha wenyewe, kisha mnatafutana uchawi!"

Wajukuu wenzio waliosoma wameniambia kwamba alisema kweli, kuwa mchanga wa vilima kama ule una kitu ndani yake ambacho mwani wa kahawia hukila. Yeye hakulijua hilo. Alijua tu kwamba tumekosa subira.

Akamwita Bi Rukia na Athumani, akawakalisha mkekani. Sanduku lisisuguliwe. Mchanga usiongezwe, hata uliosomewa. Dirisha la uani lizibwe kwa kipande cha mkeka, jua lisilipige moja kwa moja. Maji safi ya Kipungani yaendelee kidogo kidogo, na waletwe konokono wa mwambani, wale weusi wanaong'ang'ania mawe. Bi Rukia akamsikiliza jicho limefumba nusu.

"Na utando usipoondoka?"

"Usipoondoka mimi nitampandisha chomboni kwa mkono wangu," akasema Bi Khadija.

Nisikudanganye, kwanza utando ulizidi. Konokono wakazama katika kahawia ile nikasema wamekufa. Kila mtu akawa anapita pale mikono nyuma, kama mtu apitaye penye chakula cha mwenziwe, asije akaambiwa amegusa. Hata maji ya kunywa nilikuwa nayachota mwenyewe, na chai niliyomiminiwa nikangoja mwingine anywe kwanza. Kisha asubuhi moja nikaona njia kwenye kioo, nyembamba, safi, konokono amepita. Kesho yake njia nyingi. Utando ukaanza kubanduka vipande vipande kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, mchanga ukatokeza, tumbawe likafungua vidole vyake. Kitatange aliyebaki akatoka mafichoni. Nikapiga kigelegele peke yangu chumbani, wallahi!

Nyumba ikafurahi. Bi Rukia akanikumbatia, akasema alhamdulillahi, dua zake zimejibiwa, nami nikasema amina na nikamaanisha. Zena akatupikia mkate wa sinia. Nikadhani yamekwisha.

Jioni ile Athumani akaja akakaa karibu yangu, anatazama samaki, anatabasamu kwa upole. Akanishika mkono. Akasema, "Sasa yamepita, mke wangu, wala sikasiriki. Niambie kweli tu. Ulikuwa ukitia nini?"

Mwanangu, nimefiwa na wazazi, nimefiwa na mtoto, lakini sijapata kuhisi baridi kama ile. Maji yalikuwa safi mpaka unahesabu chembe za mchanga, na mume wangu alikuwa bado ananiona mimi kwa ule utando. Nikauchomoa mkono wangu mkononi mwake. Chombo cha Chundwa kilipofika, nilipanda mwenyewe, hakuna aliyenipandisha.

Alinifuata, siwezi kumsingizia. Alikuja kwetu na halua na kanga, akaomba radhi mbele ya baba. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Bwana Athumani, radhi nimekupa. Lakini mwanangu alitiwa doa mbele ya mama yako na dada yako na jirani zako. Nenda ukawakusanye hao hao, uwaambie kwa mdomo wako kwamba hakufanya kitu. Kisha njoo umchukue, hata leo."

Athumani akatazama chini. Akasema, "Mzee, mama nitamwambiaje maneno hayo? Atajua nasema yeye ndiye aliyekosea."

"Basi mke ni wa mama yako," akasema baba, akaondoka kwenda kufunga fito zake. Talaka ililetwa na mtu mwingine. Babu yenu mnayemjua ni mume wangu wa pili, na yeye, Mungu amrehemu, alinivumilia miaka mingi nikiinusa chai yake kabla ya kuinywa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ndiyo maana nakuambia haya, wewe uliye kijana na nyumba yako bado changa. Jambo likiharibika nyumbani, litazame lenyewe kwanza kabla ya kutazama uso wa mtu. Yako mambo huchafuka kwa sababu ni mapya tu, na ukiyapa utulivu hujisafisha. Ukiwa na shaka na mwenzio, muulize siku hiyo hiyo, kwa ulimi, mkitazamana, usitege uzi. Kuuliza huumiza siku moja. Mtego humkaa mtu mwilini. Na ikidhihirika kwamba hakukosa, usimwombe radhi chumbani mlango umefungwa, ukadhani umemaliza. Mtakase pale pale ulipomchafua, mbele ya masikio yale yale, hata kama sikio mojawapo ni la mama aliyekuzaa. Mama atanuna, kisha atapoa. Mke aliyesafishwa kwa kunong'ona, wenziwe wote wangali wanamjua mchafu.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona kilichopo, akuepushe na kuona kisichopo. Akupe mwenza ukimwambia "sikufanya" akuamini mara ya kwanza. Na akupe ujasiri wa kusimama mbele ya wakubwa zako na kusema, "Tulimdhulumu huyu." Nyumba yako ijae watu na vicheko, na anayeingia humo akiwa mgeni asihesabiwe nyayo. Amina, mwanangu, amina.