Matembele Mahali pa Maua

Kazi iliposimama kule kiwandani, posho ya unga nayo ikakatika. Nikamwambia bwana yangu tung'oe maua yake ya mbele ya nyumba, tupande matembele ya kula na bukari, ule ugali wetu.

"Mama, mutaa yote ya Kikula itasema tumerudi kijijini."

"Baba, weye maua utayakula na chumvi ao bila chumvi?"

Akaenda kuchukua jembe. Alibakisha waridi moja katikati. Majani ya matembele yalipotoka, yeye aliyeona haya ndiye aliyeyamwagilia kila asubuhi, viatu vyake vya kazi miguuni, akifukuza kuku wa jirani. Mugeni akifika, anamusimamisha pale kwanza: "Ona shamba yangu."

Minye nilikuwa namusikia toka jikoni, sufuria iko moto. Juu ya lile waridi nilianika vitambaa vya sahani. Yeye alivisogeza tu, apate kumwagilia matembele yake.